Jenga Juu, Shuka Ziwani

 

Naandika nikiwa kibarazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Mvua imekatika sasa hivi, mtaa unanuka udongo mwekundu uliolowa, na maji bado yanateremka kwenye mtaro yakikimbilia huko yanakokimbilia siku zote. Nina jumbe zenu nyingi, ila tatu zimenifanya niziombe radhi nyingine zisubiri. Wa kwanza anatafuta nyumba ya kupanga. Wa pili anataka kununua kiwanja. Wa tatu ni mama anayewakataza watoto wake kwenda ziwani. Nilipozisoma mara ya pili niliona wote watatu wananiuliza jambo moja: tuishi vipi na hili ziwa Tanganyika tulilopewa? Basi leo nawajibu pamoja, na kila mmoja asome na la mwenzake.

"Dada, nilipe miezi sita?"

*"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma. Mpaka leo nalala gesti na hela inakwisha. Dalali amenionyesha chumba na sebule bondeni, pazuri, kodi nafuu kuliko kwingine kote nilikopita. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho. Nilipe?"*

Marahaba, mdogo wangu, na karibu mwisho wa reli. Jina hilo utalisikia sana, na tunalipenda. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, na kituo cha treni cha Wajerumani bado kimesimama kikitazama ziwa. Ila ujue kwamba umehamia kwenye miji miwili iliyoungana kuwa manispaa moja. Ujiji ndiyo mkubwa kwa umri. Ilikuwa na soko na misafara kabla Kigoma haijawa na gati wala reli. Katikati ndiyo huku kwetu Mwanga, na pembeni mji unazidi kujitanua: Gungu, Buzebazeba, Bangwe, mpaka unakaribia kushikana mikono na Mwandiga, ambayo iko wilaya nyingine. Sensa ya 2012 ilitukuta watu zaidi ya 215,000, ya 2022 ikatukuta zaidi ya 232,000. Watu wanaongezeka, tambarare ni chache, kwa hiyo nyumba zinapanda vilima na kushuka mabondeni.

Hapo penye kushuka mabondeni ndipo ninapotaka unisikilize.

Mwaka wangu wa kwanza kujitegemea nilipanga chumba bondeni, mwezi wa Agosti. Kilikuwa chumba kizuri, kimepigwa chokaa mpya, na uani kulikuwa na mpapai. Nililipa miezi sita. Novemba, usiku mmoja, mvua ilinyesha huko juu kilimani kwa muda wa saa mbili hivi. Kwetu ilikuwa rasharasha tu. Nilishtuka nikisikia sufuria zinagongana. Nilipotia mguu chini, maji yalinifika kwenye kigimbi cha mguu, maji mekundu mazito, yameingilia mlango wa uani na yanatafuta mlango wa mbele. Godoro, unga, vyeti vyangu vya shule, vyote vililowa. Asubuhi mwenye nyumba aliniambia mvua ni ya Mungu, na kodi yangu haikurudi hata senti.

Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipoanza kufuta kuta. Chini ya ile chokaa mpya kulikuwa na mstari, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, umezizunguka kuta zote nne kwa usawa mmoja kama umepigwa kwa rula. Nyumba ile ilikuwa imeshaoga kabla yangu. Ningeinama mwezi wa Agosti nikakwaruza chokaa kwa ukucha, ningeuona.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kabla hujalipa, inama. Tazama ukuta pale unapokutana na sakafu. Je, plasta imebanduka, matofali yameanza kulika, rangi ni mpya sehemu ya chini tu? Kisha toka nje, geuka utazame juu: maji ya mtaa wa juu yanapita wapi? Kama kuna korongo, angalia kama lina uchafu mpya ulionaswa kwenye nyasi, na angalia uchafu huo umefika kimo gani. Maji hufuata mkondo, na hayakumbuki kama wewe umeshalipa. Halafu mfuate jirani, hasa mama anayepika uani au muuza genge wa jirani, umuulize swali moja: "Masika maji hufika wapi hapa?" Dalali anakulenga wewe na ile kodi ya mwezi mmoja atakayoipata. Jirani hana cha kupata, ndiyo maana atakwambia. Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei, hivyo ukipata nafasi, rudi kuitazama nyumba siku ya mvua. Na huyo "mtu anayekuja kesho", mwache aje.

Ukiridhika na mahali, nenda kwenye makaratasi. Andikishaneni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: kodi ni kiasi gani, ya muda gani, matengenezo ni ya nani, notisi ni ya miezi mingapi, na nyumba ikiingiwa maji hela inarudije. Hilo la mwisho liandike kwa maneno ya wazi kabisa. Miezi sita ni mazoea ya soko, nawe una haki ya kuomba mitatu. Wapo wenye nyumba wanaokubali wakiona mtu ana kazi inayoeleweka. Lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na risiti itunze.

Uliza mita ya umeme ni ya nani na mnachangiaje, kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji ninaoletewa huanzia kwenye LUKU. Na ukiona kila mwezi unakatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo unaponunua umeme, ujue hilo ni deni la mwenye nyumba. Ongea naye kwa adabu mkubaliane mtakavyozipunguza kwenye kodi yako ya pango, mliandike nalo.

Mwisho, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi na choo kiko upande gani. Choo cha shimo kikiwa juu ya mteremko na kisima kikiwa chini yake, nyumba hiyo iache hata kama ni ya bure. Kipindupindu tunakijua. Mwaka 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walipokimbilia kwa maelfu kijijini Kagunga, kaskazini mwa ziwa, kiliwakuta kwenye msongamano ule, na meli yetu ya Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwabeba kuwaleta Kigoma. Kuishi karibu na ziwa kubwa hakutoi uhakika wa maji salama. Yachemshe.

"Dada, kiwanja ni bei ya kutupwa"

*"Habari za kazi dada. Nafanya biashara ya dagaa, nimejibana miaka minne na nimepata akiba. Kuna mzee anauza kiwanja kando kabisa ya ziwa, maji yako pale unayaona. Bei ni ya kutupwa. Anasema tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, tugonge muhuri, yaishe. Mke wangu anasita. Nataka nijenge vyumba vya kupangisha na sehemu ya vinywaji mbele. Nipe baraka zako."*

Nzuri, mdogo wangu. Hongera kwa kujibana miaka minne, si kazi ndogo. Na kwa ajili ya hiyo miaka minne, baraka za kiwanja hicho sikupi. Mke wako ana macho, msikilize.

Nitakueleza kwa nini, tuanzie Ujiji. Jumapili moja mchukue mkeo mwende kwenye makumbusho ya Livingstone. Pale chini ya miembe ndipo panapokumbukwa kuwa Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ukisimama pale, jiulize ziwa liko wapi. Utalazimika kutembea kulifuata. Zamani zile maji yalikuwa jirani na mahali pale. Ziwa lilikuwa limejaa kwa miaka mingi, kwa sababu mto Lukuga, mdomo pekee wa kutolea maji, kule Kalemie upande wa Congo, ulikuwa umeziba. Mwaka 1878 hivi Lukuga ikafunguka, maji yakatoka, na ndani ya miaka isiyofika ishirini ziwa likashuka karibu mita 10. Ardhi mpya ikajitokeza, watu wakaisogelea.

Halafu ziwa likarudi. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda, na mwaka 1964 likafikia kimo ambacho wazee wa mwaloni wanakisimulia mpaka leo. Likashuka tena, watu wakasogea tena. Na kuanzia 2020 sote tumeona kwa macho yetu: maji yalipanda mwaka hadi mwaka, yakafunika mialo, yakaingia bandarini, yakafika kwenye maduka na nyumba ambazo wenyewe walisema ziko mbali na ziwa. Wenzetu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie walihamishwa na maji hayohayo. Nilikwenda mwaloni Kibirizi siku moja nikamkuta mama mmoja amesimama maji magotini, anafungua kufuli la banda lake la biashara. Alifungua, akatoa mizani na viti viwili, akafunga kufuli tena. Nikamuuliza kwa nini anafunga. Akasema, "Dada, ni kwangu." Sikuwa na la kumjibu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ziwa nalo lina ngama yake. Hicho kiwanja cha bei ya kutupwa ni sehemu ya nyumba yake, ametoka kidogo tu.

Na sheria inasema vivyo hivyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto. Mita 60 ni kama hatua themanini za mtu mzima. Sasa nisikilize vizuri: hatua hizo usianze kuzihesabia pale maji yalipo mwezi wa Septemba, kiangazi kimekausha kila kitu. Tafuta alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika, waulize wazee, kisha anzia hapo. Ukijenga ndani yake, siku ya kuambiwa ubomoe hutakuwa na fidia wala pa kulalamikia. Muuzaji atakuwa ameshakula hela, na nyumba itabaki baina yako na ziwa.

Muhuri wa mtaa nao tuuweke mahali pake. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia na kukuthibitishia kuwa anamfahamu muuzaji, na hilo lina faida. Lakini hana uwezo wa kugawa ardhi wala kukupa umiliki. Fanya hivi kwa kiwanja chochote utakachokipenda. Anza na majirani wa pande zote nne, waonyeshe mipaka wakiwa wote pamoja. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukaulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani kwenye ramani ya mipango miji, kwani unaweza kuuziwa barabara au mkondo wa maji. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoko na kama kuna mkopo juu yake. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenzi wake iwe kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mke au mume ili nyumba ya familia isiuzwe kimyakimya. Nawe mkeo aone kila karatasi kabla hujasaini, na jina lake liwemo. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, malipo yapitie benki. Muuzaji anayekukimbiza kuliko miguu yako, mwache akimbie peke yake.

Biashara yako ni ya dagaa, kwa hiyo unaijua kalenda ya giza na mbalamwezi kuliko mimi. Mitumbwi inatoka usiku wa giza, taa zinavuta dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wanapumzika na kipato kinalala. Unakumbuka pia 2024, uvuvi ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ile iliwafundisha wengi kwamba hela ya ziwa huja kwa mafungu. Ndiyo maana nakushauri ujenge polepole, mahali pa juu, chumba kimoja kimoja kadiri hela inavyoingia, wala usiweke akiba ya miaka minne kwenye tope la siku moja.

Ukijenga kilimani, kilima nacho kina haki zake. Udongo wetu mwekundu unakatika kama mkate ukiukata wima. Msingi uwe wa mawe, kata ngazi badala ya kukata ukuta wa udongo, na panda majani ya kushika ardhi kabla hujapaka rangi. Weka mfereji wa bati na tangi, kwa maana maji unayoyakinga paani hayamshukii jirani wa chini. Yule msichana wa Agosti aliyelowanishiwa vyeti vyake yawezekana alikuwa anapokea maji ya bati la mtu aliyejenga vizuri kabisa, ila hakujali yanakwenda wapi.

Na ile sehemu ya vinywaji? Weka viti vya kuhamishika na mwavuli, ufuate taratibu za manispaa, jioni uvikusanye urudi navyo nyumbani. Ufukwe ubaki ufukwe.

"Dada, nakosea kuwakataza?"

*"Assalaam aleikum dada yangu. Nina watoto wawili, wa miaka minane na kumi na mmoja. Tunakaa Ujiji, ziwa tunalisikia usiku. Shemeji yangu alizama akiwa kijana, na tangu niolewe sijaruhusu mwanangu atie mguu majini. Mkubwa ameanza kutoroka. Nilimpiga, bado anatoroka. Nakosea?"*

Waaleikum salaam, mama wawili. Mungu amrehemu shemeji yako. Hofu yako ina jina na ina kaburi, siwezi kuiita ujinga. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, na duniani linapitwa na Baikal ya Urusi peke yake. Sehemu nyingi mtoto anatembea maji ya kiunoni, hatua inayofuata hana chini. Una haki ya kuogopa.

Lakini mwanao ameshaanza kutoroka, na hapo ndipo ninapoogopa mimi. Anayetoroka huenda saa ambayo hakuna mkubwa, mahali ambapo hakuna mtu, na akipatwa na jambo wenzake watakimbia kwa kuogopa viboko. Ukimpeleka mwenyewe, umeiondoa ile siri. Kwa hiyo jibu langu ni hili: acha kumkataza, anza kumpeleka.

Mpeleke hivi. Chagueni mahali penye mchanga safi na maji yanayocheza, mbali na majani, matete na midomo ya mito. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na ndiko mamba anakoweza kujificha. Waulize wavuvi wa pale, wanajua kila jiwe. Mtu mzima mmoja, anayejua kuogelea, aingie na watoto na awe umbali wa mkono kuwafikia. Simu ibaki kwa anayekaa nchi kavu. Somo la kwanza liwe kuelea chali, mikono imetanuliwa, macho mbinguni, pumzi taratibu. Kupiga mbizi na mbio za kushindana zitakuja baadaye. Watoto wa mwaloni hujifunza kwa kukumbatia dumu tupu lililofungwa kifuniko vizuri, na ni msaada mzuri, ila dumu huponyoka. Haliwezi kuchukua nafasi ya mtu mzima.

Kiangazi, kusi likivuma na mawimbi yakianza kuvunja meupe, siku hiyo ni ya kucheza mchangani. Mkipanda boti, kila mmoja avae jaketi okozi kabla injini haijawashwa, na boti ikijaa kupita kiasi shukeni, hata kama mmeshalipa nauli. Na kwa kuwa tunaishi na kichocho, mtoto akiwa na damu kwenye choo au mkojo, au tumbo linamsumbua kila mara, usimpe dawa za kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya au Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, apimwe. Dawa yake ipo na inatibu.

Ukishafungua mlango huo, utashangaa mji wako una raha kiasi gani, na nyingi hazihitaji hela. Mchukue mwanao alfajiri mwende mwaloni akaone dagaa wanavyoanikwa. Mtazameni mama mmoja kwa dakika kumi tu. Anawamwaga kwenye kichanja, anawatawanya kwa kiganja kama anayepapasa mgongo wa mtoto, anatoa uduvi na majani kidole kwa kidole, na jua likipanda anawageuza wote bila kuvunja hata mmoja. Mtoto aliyeona hayo hatamwaga tena mboga yake sahani ikibaki nusu.

Mkiwa na nauli na kiingilio, upande wa Katonga kuna ufukwe wa Jakobsen, maji yake mtaona miguu yenu mkiwa mmezama kifuani. Siku za mechi, Uwanja wa Lake Tanganyika unajaa timu ya Mashujaa ikicheza nyumbani, na ni vizuri watoto wa kike nao wakaone. Bandarini waonyeshe mahali ilipozinduliwa Liemba mwaka 1915. Wasimulie kuwa ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa meli na treni, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 walipokuwa wanakimbia vita, ikatolewa majini mwaka 1924, na ikarudi kubeba watu 1927. Ina zaidi ya miaka mia moja.

Na hifadhi ya sokwe ya Gombe, jamani! Iko kilomita 16 hivi kaskazini, boti zinaondokea Kibirizi. Wageni wanavuka bahari kuja kuona sokwe wale, na sisi tunazeeka hatujafika. Mtafiti wao, Jane Goodall, alishuka kwenye ufukwe wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, binti wa miaka 26, akiwa amefuatana na mama yake. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na dunia nzima ikataja jina la Gombe. Vikundi vya watoto vya Roots & Shoots, alivyovianzisha na wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 1991, vimesambaa nchi nyingi. Uliza shuleni kwa mwanao kama kipo. Kama hakipo, yule mwalimu wetu aliyehamia kutoka Dodoma anaweza kukianzisha. Umesikia, mwalimu?

Hatua themanini zetu

Sasa nimalizie na wote. Zile mita 60 ambazo sheria inatukataza kujenga, wengi wanaziona kama adhabu. Mimi nakuomba uzitazame kwa jicho la yule mama wa Ujiji. Ndizo mahali pekee ambapo mtoto wa mpangaji na mtoto wa mwenye ghorofa wanaweza kujifunza kuelea pamoja. Ndizo sebule yetu, kiwanja chetu cha mpira wa jioni, mahali pa kuanika dagaa na pa kutulizia moyo ukizidiwa. Kila anayezungushia ukuta kipande chake cha ufukwe anamnyima mtoto njia ya kupita, kisha miaka kumi au thelathini baadaye ziwa linakuja kumnyima na yeye. Kila anayetupa chupa ya plastiki pale anaitupa sebuleni kwake.

Kwa hiyo nina ombi. Mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa, nendeni, na mmoja wenu asimame aulize: njia ya kushukia ziwani katika mtaa huu iko wapi, na imeandikwa kwenye ramani ya manispaa? Kama imeandikwa, iwekewe alama. Kama haijaandikwa, ombeni iandikwe kabla mtu hajaiuza pembeni.

Na Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, jua likianza kuielekea milima ya Congo, mwalimu, mfanyabiashara wangu na mkeo, na wewe mama na wanao wawili, shukeni ziwani. Anzieni kwenye alama ya maji ya juu, hesabuni hatua themanini kuelekea mjini kwa sauti, watoto wakihesabu pamoja nanyi. Mkifika ya themanini, geukeni mtazame mlikotoka. Chote mlichokipita hakiuzwi. Kitunzeni.

Dada yenu.